Ujumbe mmoja kwa vifaa 200: nalilindaje kundi zima bila kumaliza betri?

taa_zote:

Wakuu habari zenu. Nna mradi wa taa na sensa ndani ya jengo moja kubwa, vifaa kama 200 hivi, vyote vinaongea kwa redio ya 802.15.4 (redio ya nguvu ndogo), juu yake kuna 6LoWPAN (inabana IPv6 ipite kwenye redio hiyo) halafu CoAP (lugha nyepesi ya vifaa kuombana na kujibizana). Taa ziko kwenye umeme muda wote ila sensa za mwendo na swichi za ukutani zinatumia vile vibetri vidogo vya duara. Ninachotaka ni mtu akibonyeza swichi taa zote za ukumbi ziwake kwa mpigo mmoja, basi.

Nikituma kwa kila taa peke yake, kila moja na DTLS yake (njia ya kusimba mazungumzo), ya kwanza inawaka na ya mwisho inachelewa mpaka unaona kwa macho zinavyofuatana, na swichi inabaki macho muda wote huo inakula betri. Nikituma kwa multikasti, yani ujumbe mmoja unaosikiwa na wote, zinawaka pamoja safi kabisa, tatizo DTLS haishiki kwenye multikasti kwahiyo ujumbe unaenda uchi.

Mwenzangu kwenye mradi anasema tuweke ufunguo mmoja wa AES (njia ya kusimba kwa siri ya pamoja) kwenye vifaa vyote, tusimbe kila ujumbe tumalize kazi. Mi roho inakataa ila sina hoja ya kumshawishi. Ufunguo mmoja unatosha au hautoshi, na kwa nini? Kifaa kimoja kikiibiwa nafanyaje? Na hizo sahihi za kidijitali zinazosemwa, chipu yenye RAM ya KB 10 inaziweza kweli?

mzee_wa_paketi:

Mkuu roho yako inakuelekeza vizuri. DTLS ni ya watu wawili, huyu na yule wanasalimiana, wanakubaliana ufunguo wao, wanaanza kuongea. Kwenye multikasti anayetuma ni mmoja na wanaosikia ni wengi, wengine hata hajui wapo, sasa asalimiane na nani? Ndo maana RFC 7390 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) ya mwaka 2014 iliyoeleza CoAP ya makundi iliacha usalama wa multikasti ukiwa pengo, na watu wa IETF wanaoandaa hati hizo wakaendelea kulijenga hilo juu ya OSCORE, usalama unaolinda ujumbe wa CoAP wenyewe, ambayo ni RFC 8613 ya mwaka 2019.

Sasa huo ufunguo mmoja. Una kazi yake, mtu wa nje hasomi na hawezi kubuni ujumbe. Lakini angalia unachokuambia ukifika kwenye taa: unakuambia "huyu ni mwenzetu", haukuambii ni yupi. Ni kama muhuri wa ofisi, yeyote aliyemo ofisini anaweza kuugonga na barua zote zitafanana. Kwahiyo sensa ya mwendo ya chooni ikitekwa inaweza kujifanya swichi kuu ya jengo zima na hakuna taa itakayoitilia shaka, kwa sababu kwa hesabu za AES ujumbe ni halali kabisa.

Na usiseme nani atajisumbua na taa. Mwaka 2016 Eyal Ronen, Colin O'Flynn, Adi Shamir na Achi-Or Weingarten walichukua taa za Philips Hue wakapima umeme unaotumika wakati chipu inasimba, na kutoka kwenye vipimo hivyo wakautoa ufunguo wa AES uliokuwa unalinda apdeti za programu ya ndani ya taa. Ufunguo huo ulikuwa mmoja kwa taa zote za aina ile. Ukishaupata kwenye taa moja una uwezo wa kuandaa apdeti ya uongo inayokubalika na taa nyingine, na wao walionesha jinsi mdudu wa programu anavyoweza kuruka kutoka taa hadi taa kwa redio peke yake, bila kupita intaneti. Kampuni ililiziba tundu lile la redio, lakini hoja ya ufunguo mmoja inabaki palepale. Taa yako iko darini, mtu anapanda ngazi anaifungua anaondoka nayo, ana muda wote wa dunia wa kuipima mezani kwake.

dada_saketi:

Naungana na mzee ila kuna tatizo lingine linakuja mapema zaidi kuliko wizi na mwenzako anatakiwa alisikie, kwa sababu hili halihitaji mtu aguse kifaa chochote.

AES-CCM, namna ya kutumia AES kwenye redio hizi, inataka kila ujumbe uwe na namba ya matumizi ya mara moja, na hiyo namba isijirudie kamwe chini ya ufunguo uleule. Kwenye mawasiliano ya wawili ni rahisi, unahesabu tu 1, 2, 3. Sasa weka ufunguo huohuo kwenye swichi 30, kila moja inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Swichi A ikituma ujumbe wa 7 na swichi B ikatuma ujumbe wa 7, namba ni ileile na ufunguo ni uleule. Anayesikiliza hewani anachukua zile baiti mbili zilizosimbwa anazipigia XOR (kulinganisha biti kwa biti), usimbaji wote unajifuta, anabaki na XOR ya ujumbe wenyewe. Na ujumbe wenu ni nini? Washa, zima, punguza mwanga. Hata mwanafunzi atakisia. Yani mtakuwa mmesimba na mtu anasoma.

OSCORE imeliona hili. Kila mwanachama ana kitambulisho chake cha kutuma, na kitambulisho hicho kinaingia kwenye kutengeneza ufunguo wake wa kutumia na kinaingia pia kwenye hiyo namba ya mara moja, pamoja na hesabu ya ujumbe. Kwahiyo ujumbe wa 7 wa A na wa 7 wa B havigongani. Tafadhali msijitengenezee ya kwenu kwa AES tupu, chukueni maktaba iliyopo, hii sehemu ndo watu huumia kimyakimya.

Ila tambua, funguo hizo za kutumia zote zinazaliwa na siri moja ya kundi, hivyo mwanachama yeyote anaweza kuzikokotoa za wenzake. Tatizo la muhuri alilosema mzee bado lipo. Hapo ndo sahihi inapoingia: kwenye Group OSCORE (OSCORE ya makundi) kuna njia mbili, ya kundi ambayo mtumaji anasaini kila ujumbe kwa ufunguo wake wa siri asioujua mwingine, na ya wawiliwawili ambayo haina sahihi, inatumia ufunguo unaotokana na ufunguo wa siri wa mmoja na ufunguo wa umma wa mwenzake, hivyo mtu wa tatu hata akiwa ndani ya kundi hawezi kuubuni.

Gharama yake sasa, maana uliuliza chipu inaziweza. Kukokotoa inaweza. Chipu nyingi za sa hivi zina kifaa cha ndani cha kusaidia hizo hesabu, mfano nRF52840 ina CryptoCell. Isiyo nacho itachukua muda ila itafika. Kinachouma ni nafasi hewani. Fremu ya 802.15.4 ni baiti 127. RFC 4944 imepiga hesabu hii wazi, toa 25 za vichwa vya fremu, toa 21 za usalama wa tabaka la redio ukitumia AES-CCM-128, unabaki na 81. Sahihi ya Ed25519 au ECDSA ya P-256 ni baiti 64. Unabakiwa na 17 za kuweka IPv6 iliyobanwa, UDP, CoAP, OSCORE na ujumbe wenyewe! Haitoshi, paketi inakatwa vipande viwili, na kwenye multikasti hakuna wa kukuambia kipande cha pili kimepotea, kikipotea kimoja ujumbe wote umekwenda. Kwahiyo ukisaini tegemea taa chache kukosa amri mara nyingi zaidi kuliko sasa, na panga kurudia kutuma.

bitisita:

Kwenye hilo la kurudia kutuma naongeza. Rudia ujumbe uleule ulivyo, baiti kwa baiti, na hesabu yake ileile. Taa iliyoupata mwanzo itauona ni marudio itautupa, iliyoukosa itautekeleza. Na amri iwe "washa" au "zima", isiwe "geuza". Ukitumia "geuza" na taa moja ikakosa amri moja, kuanzia hapo itakuwa inawaka wenzake wakizima. Nimeona mifumo mizuri kabisa inalaumiwa redio kumbe amri ndo imeandikwa vibaya.

Nirudi kwenye swali la wizi maana hilo ndo lina gharama kubwa ya kudumu. Kifaa kikiibiwa ni lazima ubadilishe siri ya kundi, na ufunguo mpya uwafikie wote isipokuwa yule mmoja. Hauwezi kuusimba kwa ufunguo wa zamani ukautangaza, kwa sababu aliyeiba naye anao. Njia ya moja kwa moja ni kumtumia kila mmoja kwa ufunguo wake binafsi na msimamizi wa kundi (anayegawa funguo), vifaa 200 ni jumbe 199. Njia ya pili ni mti wa funguo, imeelezwa kwenye RFC 2627 ya mwaka 1999: vifaa vinakaa kama majani ya mti, kila tawi lina ufunguo wake, kifaa kinajua funguo za kuanzia jani lake mpaka kwenye shina. Akitoka mmoja unabadilisha funguo za njia yake tu, na matawi ya pembeni unayafikishia kwa funguo ambazo mwizi hakuwahi kuwa nazo. Kwa vifaa 200 mti wa matawi mawilimawili una ngazi 8, kwahiyo ni vifurushi visivyozidi 16 hivi badala ya 199. Kila kifaa kinatunza funguo kama 9 za baiti 16, hiyo ni baiti 144, hata chipu yako inaweza.

Ila kwa mradi wako mi ningeanza na kitu chepesi kuliko mti. Gawa jengo kwenye makundi madogo, kila ukumbi kundi lake na siri yake. Kundi la vifaa 25 ukiwatumia mmojammoja ni jumbe 24, unamaliza kabla mtu hajagundua, na kifaa kilichoibiwa kwenye ukumbi huu hakiwashi kitu kwenye ukumbi ule. Mti uuache kwa mtu mwenye maelfu. RFC 9594 ya mwaka 2024 inaeleza namna ya msimamizi wa kundi kugawa funguo na kuzibadilisha, anzia hapo badala ya kubuni utaratibu wako.

Kuna watu watakuambia tumia MLS, usimbaji wa makundi, ile RFC 9420 ya mwaka 2023. Ni kazi nzuri sana na inatumia mti pia, lakini imelenga programu za watu kuchati, kila mwanachama anatunza hali ya mti mzima na funguo za umma za wote. Kwa simu si kitu. Kwa kifaa cha RAM ya KB 10 ambacho bado kina redio na CoAP ya kuendesha, hapana.

taa_zote:

Aisee nimepata zaidi ya nilichotegemea, hilo la namba kujirudia nimelituma kwa mwenzangu moja kwa moja. Makundi kwa kila ukumbi nimelipenda, ila lango letu (kifaa kikuu kinachosimamia mtandao wa jengo) linataka pia kuzima jengo zima usiku, sijui hilo liwe kundi la pili au vipi. Alafu mengine: swichi inalala karibu muda wote, ufunguo ukibadilishwa ikiwa usingizini itajuaje? Na kuna mtu ananishauri niachane na haya yote nitumie MQTT (jumbe zote zipite kwa seva ya kati, brokeri) na TLS (usimbaji kati ya kifaa na seva).

mzee_wa_paketi:

MQTT na TLS ni sawa kama sensa zinapeleka vipimo kwenye seva, ila haijibu swali lako. Kwanza TLS inaishia kwa brokeri, brokeri anaufungua ujumbe anausoma halafu anausimba tena kwa kila msikilizaji, kwahiyo anayemmiliki brokeri anamiliki jengo. Pili kila taa ina laini yake na brokeri, ujumbe mmoja wako unageuka nakala 200 hewani na umerudi kulekule kwa taa zinazofuatana.

Kuzima jengo zima ndiyo, liwe kundi la pili, na hapo tumia sahihi bila kujiuliza mara mbili. Ni amri ya nadra na madhara yake ni makubwa, lango liko kwenye umeme halina shida ya betri, zile baiti 64 zinalipwa mara chache kwa siku. Swichi za ukumbi mmoja unaweza kuamua kuzibana zaidi ukijua unachoacha. Kufuli la mlango lingekuwa humo kwenye kundi ningekuambia kitu kingine, lakini taa ya ukumbi mtu akiiwasha kwa hila hasara yake inapimika.

Kitu kingine usikisahau ni majibu. Taa 200 zikijibu "nimewaka" kwa wakati mmoja redio inajaa, swichi haipati hata moja. CoAP inasema ombi la multikasti liende bila kudai uthibitisho, na kila kifaa kisubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujibu, dirisha la kawaida ni sekunde 5. Swichi yako haiwezi kukaa macho sekunde 5 kila inapobonyezwa. Tumia ile chaguo ya RFC 7967 kuzikataza zisijibu kabisa, halafu lango ambalo halilali ndo liwe linazikagua taa polepole baadae.

dada_saketi:

Kuhusu swichi iliyolala. Kila ombi la Group OSCORE linabeba kitambulisho cha kundi na hicho kinabadilika kila siri inapobadilika, kwahiyo mpokeaji anajua papo hapo ujumbe huu ni wa siri ya zamani. Swichi ikiamka kwa ratiba yake ya kutoa hali ya betri imuulize msimamizi tuko kwenye kitambulisho gani, kama ni kipya ichukue ufunguo hapohapo. Na kwa mabadiliko ya kawaida ya ratiba taa zinaweza kuendelea kuukubali wa zamani kwa muda, Matter (kiwango cha vifaa vya nyumbani) wanafanya kitu kinachofanana, kifaa kinabeba hadi funguo tatu za kundi na kila mmoja una wakati wake wa kuanza kutumika. Lakini mabadiliko yakiwa ni kwa sababu ya wizi usitoe muda wowote. Ufunguo wa zamani unakufa dakika hiyo na swichi zilizolala ziendelee kutofanya kazi mpaka ziamke, maana muda wa hisani unaowapa wao unampa na mwizi.

mpita_hewani:

Samahani naingilia, nilisoma kuhusu TESLA ile ya RFC 4082, wanasema inathibitisha mtumaji bila sahihi nzito. Haimfai huyu?

dada_saketi:

Ni wazo zuri sana lile, mtumaji anaweka alama kwa ufunguo ambao bado hajautangaza, anautangaza baadae kidogo, mpokeaji anarudi kuhakiki. Ila maana yake mpokeaji lazima asubiri ufunguo utangazwe ndo aamini, na saa za vifaa ziwe zinakaribiana. Sensa ya joto inaweza kusubiri. Mtu aliyebonyeza swichi gizani hasubiri.

taa_zote:

Nimeelewa. La mwisho wakuu, umeme ukikatika taa zote zinasahau hesabu za ujumbe zilizopokea. Si mtu aliyerekodi amri za jana anaweza kuzirudia umeme ukirudi?

bitisita:

Swali zuri, na ndiyo anaweza usipolishughulikia. Kuna pande mbili na zina dawa tofauti.

Upande wa anayetuma, swichi isiandike hesabu kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) kila ujumbe. Iandike mbele, yani iko kwenye 40 lakini kwenye flashi imeweka 100. Betri ikitolewa ikarudishwa inaanzia 100, imepoteza namba kadhaa ila haijarudia hata moja. OSCORE yenyewe inapendekeza hivi.

Upande wa taa, RFC 9175 ina chaguo inaitwa Echo, taa ikitoka kuzimika inamjibu mtumaji wa kwanza "nirudishie namba hii ya kubahatisha nijue uko hai sasa hivi", na rekodi ya jana haiwezi kujibu hilo. Kwa kundi dogo inafanya kazi, kwa kundi kubwa umeme ukirudi swichi ya kwanza kubonyezwa inarushiwa maswali na taa zote. Kwa taa ningefanya hivi: amri ya kuwasha na kuzima inakuja mara chache kwa siku, kwahiyo taa iandike kwenye flashi kila hesabu inayoikubali, kwa kuongeza mstari mwisho wa ukurasa badala ya kufuta na kuandika upya kila mara, ukurasa ukijaa ndo unafutwa. Kwa mwendo huo flashi haitachakaa. Iandike kabla ya kutekeleza amri, sio baada. Echo iibakize kwa taa mpya au iliyopoteza flashi yake.

Halafu jaribu kwa mkono: tuma amri, kata umeme wa taa ile sekunde inawaka, rudisha, rusha tena paketi uliyoirekodi. Ikiwaka, kuandika kwako kunachelewa.